Kura ya Dánjal Nei

Ukifika Hamranes ukaulizia nyumba ya Dánjal, watakuuliza Dánjal yupi, maana kijiji chetu kidogo hivi kimewahi kuwa nao wanne kwa mpigo, na wa tano alikuwa kondoo dume. Lakini ukimtaja Dánjal Nei, hata mtoto atakunyooshea kidole: ile nyumba nyeusi yenye paa la nyasi, ng'ambo ya kijito, mlango mwekundu. Nei kwa lugha yetu ni hapana. Mume wangu alilipata jina hilo alasiri moja, akaishi nalo zaidi ya miaka hamsini, na leo hayupo lakini jina bado lipo. Mimi mwenyewe naitwa Elspa wa Nei, ingawa maisha yangu yote nimekuwa mtu wa ndiyo.

Jina la utani visiwani kwetu halikwepeki. Baba yangu walimwita Viazi kwa sababu mwaka mmoja alivipanda mapema, akajisifu mno, vikaungua kwa baridi. Yupo mama mmoja hapa anaitwa Jumanne, na sababu yake siisemi, wajukuu zake wanasoma. Hivyo Dánjal hakuonewa. Alijitafutia, na alijitafutia mbele ya watu.

Ilikuwa Septemba ya mwaka wa 1946. Wakati wa vita Wajerumani waliichukua Denmark, iliyokuwa ikivitawala visiwa vyetu, Waingereza wakaja kukaa kwetu ili Wajerumani wasije, na kwa miaka mitano tukajiendesha wenyewe. Bunge letu lilitunga sheria, meli zetu zilipeleka samaki Aberdeen, kwa Waingereza, zikiwa na bendera yetu, na pesa ziliingia. Vita vilipokwisha Denmark ikarudi kama mwenye nyumba aliyetoka safari, akashangaa kukuta tumehamisha viti. Maneno yakawa mengi. Mwisho wake ikaamuliwa watu waulizwe.

Karatasi ya kura ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, mpango wa serikali ya Denmark: tubaki nao, watulegezee kamba kidogo. La pili, tujitenge. Unaweka msalaba mdogo kwenye moja, unakunja, unatoka. Hata kondoo dume angeweza.

Mimi na Dánjal tulikuwa wachumba, harusi imepangwa Novemba. Yeye alikuwa na miaka ishirini na minane, mimi ishirini na sita, na tulikuwa tumeshagombana juu ya jambo hili mpaka tukachoka. Yeye alitaka tujitenge, mimi nilitaka tubaki. Asubuhi hiyo tulipanda pamoja kwenda shuleni, mahali pa kupigia kura, upepo unatusukuma mgongoni, akanishika mkono akaniambia, "Usijali, Elspa. Wewe weka yako, mimi naweka yangu, zinafutana. Tukirudi nyumbani hakuna aliyeshinda." Nikaliona ni neno la busara. Nilimpenda sana siku ile, nasema kweli. Alikuwa amechana nywele kwa maji, na upepo ukazivuruga zote kabla hatujafika.

Baada ya kura watu wote walikwenda dukani kwa Niklas, maana ndiko kulikokuwa na simu na jiko la moto. Niklas alikuwa mwenye duka na pia mtu mkubwa wa upande wa kujitenga hapa kijijini. Dánjal aliingia kifua mbele.

"Haya, nimewajibu!" akasema.

"Umewajibu akina nani?" Niklas akauliza, huku anapima sukari.

"Denmark, si ndio walioniuliza? Wameniuliza kama nautaka mpango wao. Nimewaandikia Nei. Herufi kubwa, hata kipofu ataiona."

Niklas akaiweka ile sukari chini. "Umeandika wapi, we Dánjal?"

"Pale pale mbele ya swali. Ulitaka niandike wapi, ukutani?"

"Na msalaba je?"

"Msalaba wa nini? Mimi ni mchungaji?"

Niklas akajishika kichwa kwa mikono miwili, unga wa sukari ukambaki kwenye nyusi. "Bwana wee, umeiharibu! Hiyo haihesabiwi. Tunahangaika miaka kwa ajili ya siku hii, wewe unakwenda kutuandikia barua!"

"Haihesabiwi vipi, na nimejibu? Mtu akikuuliza unataka kahawa, unamjibu au unamchorea msalaba mezani?"

Hapo watu walivunjika mbavu. Baba yangu, aliyekuwa amekaa kwenye pipa la mafuta ya taa, na ambaye kwa miaka mingi alikuwa akingoja mtu mwingine wa kuchekwa badala yake, akapiga goti kwa kiganja akasema, "Basi karibu, Dánjal Nei!" Ndiyo ikawa hivyo. Mpaka jioni jina lilikuwa limeshavuka mlima kwenda kijiji cha pili.

Nami nilicheka. Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikaona ananitazama, na yeye hacheki.

"Na wewe, Elspa? Umeweka?"

"Nimeweka."

"Msalaba?"

"Mzuri tu."

"Basi nyumba yetu imeipigia kura Denmark," akasema, "na bado hata hatujaijenga."

Hilo ndilo lililomuuma, na lilimuuma mpaka mwisho. Kuchekwa alikuvumilia. Kuwa amekosea alikubali, baada ya wiki mbili hivi. Lakini kwamba kura yangu ilibaki imesimama peke yake bila ya kwake kuifuta, hilo alikwenda nalo baharini na kurudi nalo.

Matokeo nayo hayakumsaidia. Waliotaka kujitenga walizidi, lakini kwa kura mia moja na kitu tu, visiwa vyote pamoja, na karatasi zilizoharibika zilikuwa nyingi kuliko hiyo tofauti. Maana yake wapo wengi walioandika ovyo kama yeye, ila wao walikuwa na akili ya kufunga mdomo. Siku chache tulikuwa taifa, au tulidhani hivyo. Niklas alipandisha bendera akaisahau nje kwenye mvua. Halafu Kopenhagen wakasema ushindi mwembamba namna hiyo si ushindi, bunge letu likavunjwa, uchaguzi ukapigwa upya, na upande wangu ukashinda. Baadaye tukapewa madaraka ya ndani, bendera yetu, lugha yetu shuleni, na mengine yakabaki kwao. Dánjal akawa anasema ingekuwa vingine kama kila mtu angeweka msalaba wake vizuri, halafu anatazama dirishani kabla sijamjibu.

Harusi yetu Novemba ile bado inazungumzwa. Kanisa lilijaa, hata watu wa kijiji cha pili walikuja na mashua katika bahari mbaya, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni kwa ajili ya vazi langu. Mchungaji akamgeukia Dánjal akamwuliza kama anamtaka Elspa huyu awe mke wake. Kanisa zima likavuta pumzi. Nilisikia benchi zinalia kwa jinsi watu walivyoinama mbele. Dánjal naye, mjinga yule, akangoja. Akatazama dari, ambako imetundikwa meli ndogo ya mbao ya kuwaombea mabaharia, akatazama viatu vyake, mpaka nikamfinya kiganja kwa kucha.

"Ndiyo," akasema, kwa sauti ya kuita mashua iliyo mbali. "Na kama kuna pa kuweka msalaba, nionyesheni."

Mchungaji alikuwa Mdenmark, kijana, hakuelewa kwa nini watu wanajifuta machozi.

Nisije nikaonekana kwamba namtania tu. Dánjal alikuwa na sababu zake. Alisoma shule wakati ambapo darasani kila kitu kilikuwa Kidenmark. Siku moja mwalimu akamwuliza jina la ndege aliyekuwa dirishani. Alikuwa *tjaldur*, ndege wetu mweusi na mweupe mwenye mdomo mwekundu, ambaye kila mtoto hapa anamjua kabla hajamjua shangazi yake. Dánjal akamtaja kama nyumbani, akaambiwa akae chini, hajui. "Nilikuwa nasimama namtazama yule ndege," aliniambia, "na ninamjua, halafu naambiwa simjui." Kisha vita vikaja, akasafiri miaka mitano na samaki kwenda Aberdeen, bendera yetu imepakwa rangi ubavuni mwa meli. "Miaka mitano hatukuwa na Denmark," alikuwa akisema, "na hatukufa njaa."

"Hatukufa njaa," nikamjibu. "Tulikufa maji."

Kaka yangu Tummas alikuwa mmoja wa waliozama katika safari zile. Meli yake iliondoka Machi na haikuonekana tena. Dánjal alikuwa akinyamaza nikisema hivyo, lakini wiki ya pili analisema tena.

Mimi nami nilikuwa na sababu, na sababu yangu ilikuwa kofia. Kabla ya vita mama yangu alitokwa na uvimbe shingoni, ukawa mkubwa kama yai la bata, na daktari wa hapa akasema hauwezi. Akapelekwa Kopenhagen kwa meli ya abiria. Sisi watoto tulimuaga gatini kama mtu tunayemzika. Baada ya miezi miwili akarudi, ana kovu shingoni, amenenepa, na kichwani ana kofia ya buluu aliyopewa na mwanamke wa kitanda cha jirani. Hakutozwa hata senti. Mama aliishi tena miaka thelathini. Siku ya kura mimi sikuipigia serikali wala mfalme. Niliipigia kura kofia ile, na ningeipigia tena kesho.

Basi tukaishi. Nyumba tukaijenga, Billa binti yetu akazaliwa, Dánjal akavua samaki Iceland na Greenland, anaondoka theluji ikiyeyuka na kurudi tukianza kuchinja kondoo. Nyakati hizo ndizo ninazozikumbuka zaidi. Harufu ya banda la mbao nyuma ya nyumba, ambamo nyama ya kondoo inatundikwa upepo uipige mpaka Krismasi. Dánjal anakata vipande vyembamba kwa kisu chake, anampa Billa kwanza, kisha mimi, kisha yeye. Redio inasoma habari, na baada ya habari vita vya pale mezani vinaanza. Usiku tulikuwa tunaona taa za meli za Waingereza zinazokokota nyavu, karibu na ufuko, nyingi kuliko taa za kijiji chetu.

"Tazama," anasema. "Wanakula chakula cha Billa. Na nani aliyewaruhusu? Kopenhagen. Waliwauzia Waingereza nyama ya nguruwe, wakawaachia samaki wetu."

"Wewe utawafukuza na nini? Na ile mashua yako?"

"Ningekuwa na nchi ningewafukuza."

"Ungekuwa na nchi usingekuwa na injini ya kuwafukuzia."

"Lakini ingekuwa nchi yangu isiyo na injini."

Billa alikuwa anacheka akiwa mdogo. Alipokua akawa anapanda chumbani na sahani yake.

Sitaki kudai kwamba nilishinda mabishano yale. Bahari ilipopanuliwa mipaka na taa za wageni zikaondoka, tukatajirika, na hapo Dánjal alikuwa hashikiki. Kila kijiji kilijengewa kiwanda cha samaki, kila mwenye meli akanunua nyingine, barabara zikapita ndani ya milima. Nikamwambia, haya mahandaki mnayatoboa kwa ruzuku ya nani? Akasema ruzuku ni dawa ya usingizi. Nikasema basi tumelala pazuri. Halafu mwanzoni mwa miaka ya tisini yakaharibika yote. Samaki wakapungua, madeni yakaiva, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, na cha kwetu kikafungwa Ijumaa moja asubuhi wanawake wakiwa tayari wamevaa aproni. Billa alikuwa mmoja wao. Baada ya miezi michache akahamia Denmark na mume wake na watoto, kama walivyofanya maelfu, na wengi hawakurudi.

Siku ya kuondoka kwao Dánjal alibeba masanduku mpaka gatini. Meli ilipokwisha pinda rasi akasema, "Wanawachukua watoto wetu bila hata kupiga kura." Nilitaka kumwambia kwamba Denmark haikumchukua mtu, ilimpokea. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikamwangalia mzee yule na mikono yake mikubwa haina kitu cha kushika, nikanyamaza. Ni mara chache sana nimenyamaza, kwa hiyo naikumbuka.

Sukari ikampata mguuni akiwa na miaka sabini na kitu. Rannvá, muuguzi wa wilaya na mjukuu wa yule Niklas wa dukani, akawa anakuja kila asubuhi kumdunga sindano na kumfunga kidonda. Dánjal alimpenda kama mwanawe, na mimi nilipata silaha mpya.

"Unajua mshahara wa Rannvá unatoka wapi, lakini?" namwuliza. "Na hiyo insulini? Nusu yake Denmark imelipa."

"Basi nidunge nusu, Rannvá," anasema, anakunja mkono wa shati.

"Nikudunge ipi, mzee?" Rannvá naye anamwuliza. "Ya samaki au ya ruzuku?"

"Ya samaki. Hiyo nyingine mpe Elspa, ndiyo inayompa ulimi."

Ndipo mwaka ule wa mwisho wa karne hoja ikafufuka. Samaki walikuwa wamerudi, watu wakasema chini ya bahari yetu kuna mafuta, na serikali yetu ikaanza kuzungumza na Kopenhagen juu ya kujitenga. Sisi tulitaka ruzuku ipunguzwe kidogo kidogo kwa miaka kumi na mitano. Wao wakasema mkienda, miaka minne, basi. Kila jikoni palikuwa na mtu anayepiga hesabu kichwani. Walimu watalipwa na nani, wazee watatunzwa na nani, samaki wakikimbia tena tutamlilia nani? Maswali yale yale ya kwetu mezani, ila sasa yanatangazwa na watu waliovaa tai. Kisha ikatangazwa kwamba Mei ya mwaka wa 2001 watu wataulizwa tena.

Dánjal alikuwa na miaka themanini na mitatu. Sijui nielezeje jinsi alivyobadilika. Alianza kula. Alimwambia Rannvá amtengenezee mguu, maana atapanda shuleni kwa miguu yake, hataki kubebwa na gari kama gunia. Na akaanza kufanya mazoezi ya msalaba. Katika chaguzi nyingine miaka yote hiyo aliweka misalaba yake bila tatizo na tukafutana kama alivyoahidi, lakini hizo aliziita uchaguzi wa watu. Hili lilikuwa swali lenyewe. Basi nikawa naikuta misalaba kila mahali: pembeni mwa gazeti, kwenye vumbi la unga mezani, kwenye mvuke wa dirisha. Siku moja nilikuta ameuchora kwenye siagi.

"Safari hii nakufuta, bibi," ananiambia. "Jiandae."

"Angalia usije ukaandika Nei tena kwa mazoea."

"Mkono huu? Mkono huu sasa ni fundi."

Mimi nilikuwa sijabadili mawazo. Billa alikuwa kule, wajukuu wakisoma kule, na mguu wa Dánjal ulikuwa unafungwa kila asubuhi kwa pesa nilizojua zilikotoka. Lakini nilianza kuitamani siku ile ya Mei. Nilitamani tupande tena pamoja kwenda shuleni, upepo mgongoni, anichane kwa maneno njia nzima. Nilimtolea koti lake jeusi nikalipiga brashi mwezi mzima kabla.

Kura ikafutwa. Ilitangazwa redioni mchana mmoja, tunakula viazi na samaki mkavu. Sauti ile ilisema mambo ya mazungumzo na muda na kutafakari upya, kisha ikasoma hali ya hewa. Dánjal aliendelea kumenya kiazi chake mpaka kikaisha ganda. Hakukila. Akasimama, akachukua fimbo, akatoka kwenda kwenye lile banda la nyama, ambalo halikuwa na nyama mwezi ule. Nilimwacha kidogo, kisha nikamfuata.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, upepo unapita kati ya mbao.

"Sitaipata nyingine," akasema.

"Utaipata. Watatangaza tena."

"Usinidanganye, Elspa, hujazoea, unafanya vibaya." Halafu akaniuliza jambo ambalo katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza, kwa sababu siku zote alidhani analijua. "Ungeweka wapi?"

Ningeweza kumpa. Lilikuwa neno moja tu, kura yenyewe haipo, na mtu angekufa na raha yake. Lakini tusingekuwa sisi.

"Pale pale," nikasema.

Akacheka. Sikumsikia akicheka hivyo tangu Billa aondoke. Alicheka mpaka akakohoa, akanishika mkono kuinuka. "Afadhali," akasema. "Maana kama ungekuwa upande wangu, msalaba wangu ungekuwa na kazi gani?"

Alifariki Januari, nyumbani, asubuhi, kahawa ikiwa jikoni. Wanaume sita walimchukua hadi kanisani katika mvua ya ubavuni. Juu ya kaburi tuliweka msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe, kama desturi, na nikawaza kwamba ameupata msalaba wake. Nikajichukia kwa kuwaza hivyo, kisha nikajisamehe, maana mwenyewe angelisema wa kwanza.

Nyumba ikawa na ukimya nisioujua. Redio ikisoma habari, najibu. Ninaposema neno dhidi ya serikali, au kwa ajili yake, halirudi. Nilikuwa sijui kwamba hata maoni yangu nilikuwa nayashika kwa sababu kulikuwa na mtu anayeyavuta upande wa pili.

Aprili ukaja uchaguzi wa bunge letu. Billa alipiga simu akasema nisiende, barabara inateleza. Nilikwenda. Nilipanda peke yangu mpaka shuleni, nikapewa karatasi, nikaingia nyuma ya pazia, nikashika penseli iliyofungwa kwa uzi. Chama changu kilikuwa pale kilipokuwa miaka yote. Nikanyoosha mkono niweke msalaba, na mkono ukasimama. Kura yangu ingekwenda kukaa peke yake tena, kama ile ya mwaka arobaini na sita, na safari hii hapakuwa na mtu nje anayeningoja aseme ameifuta. Nililia pale nyuma ya pazia, mwanamke wa miaka themanini na mbili, kimya kimya, watu wako kwenye foleni. Kisha nikaandika, nikakunja, nikatoka, nikawasalimu wote.

Asubuhi iliyofuata Rannvá akaja. Mguu wa kufunga haukuwepo tena, lakini alikuwa bado anapita kunywa kahawa, na usiku ule alikuwa amekaa kwenye meza ya kuhesabu kura.

"Mama Elspa," akasema, hajakaa hata. "Jana karatasi moja iliharibika."

"Moja tu? Watu wameendelea."

"Imeandikwa Nei. Herufi kubwa, ukurasa mzima. Msimamizi aliiinua juu akaisoma kwa sauti, na hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alivua kofia."

Nikamimina kahawa. Ikamwagika kwenye kisahani.

"Aliuliza ni ya nani?" nikasema.

"Hakuuliza. Alisema, 'Dánjal amekuja,' akaiweka pembeni." Rannvá akaketi, akakitazama kile kiti cha karibu na dirisha, akanitazama mimi. "Lakini mama, wewe si mtu wa upande ule."

"Sijawahi kuwa," nikamwambia. "Ilikuwa zamu yangu kufutwa."